Kwa Nini Programu Ilichelewa: Maneno ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi



Siku ya leo ni ya shangwe. Hata hivyo haitupasi kusifu mema yetu tu na kuyanyamazia yaliyotutia aibu. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya kujibu swali mlilotuuliza kwa uchungu msimu uliopita: kwa nini programu mpya ya hesabu ilikawia kufika katika kompyuta za ofisi zetu, hata baadhi yenu mkangojea malipo huku ada za shule zikidaiwa.

Programu ile iliwekwa kwanza katika kompyuta kuu, ile iitwayo seva. Kutoka huko ilitakiwa kusafiri yenyewe usiku kwa njia ya mtandao, ili asubuhi kila karani aikute tayari. Kulipopambazuka, mashine nyingine zilikuwa nayo na nyingine hazikuwa nayo. Hata siku ya nne hali ikawa ile ile. Mkulima akamlaumu karani, karani akamlaumu fundi, na fundi akaulaumu mtandao. Nasi wa ofisi kuu tuliituma upya kila siku, na kwa kufanya hivyo tukazidisha msongamano.

Mwishowe tuliacha kubahatisha. Tulikagua mashine moja moja, tukasoma kumbukumbu ambazo kila kompyuta hujiandikia, tukaona sababu tatu.

Kwanza, baadhi ya mashine zilizimwa jioni ili kuokoa umeme, na mashine iliyozimwa haipokei kitu. Makarani walifanya kama tulivyowafundisha. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukuwaarifu waziache zikiwaka.

Pili, kompyuta zote za tawi moja zilivuta mzigo ule ule kwa wakati mmoja. Ndugu zetu wafugaji wa Ngorongoro wajua yatokeayo makundi yote yakifika pamoja kwenye birika moja. Sasa kompyuta moja hupokea kwanza, kisha wenzake huchukua kwake kwa zamu.

Tatu, kulikuwa na mashine ambazo betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika, saa zao zilirudi miaka mingi nyuma. Seva hujitambulisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine yenye tarehe ya uongo huiona hati halali kuwa haijaanza kutumika, ikaikataa. Tulibadili betri, tukasahihisha tarehe, na programu ikaingia.

Ni kweli kwamba mara nyingine chanzo huwa mbali. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika nchini kote. Siku kama hiyo hakuna karani wa kulaumiwa. Lakini safari hii chanzo kilikuwa chini ya meza zetu wenyewe, nasi tulikuwa tukitazama mbali.

Kwa hiyo tumeazimia mambo manne. Programu mpya itajaribiwa katika ofisi moja kabla ya kupelekwa kote. Haitabadilishwa wakati wa mavuno. Daftari la karatasi litaandikwa sambamba mpaka hesabu zote mbili zilingane. Na ikitokea kuchelewa, tangazo litabandikwa siku ile ile kwenye mlango wa ofisi, likieleza sababu.

Nanyi twawasihi mtunze stakabadhi zenu za mizani. Msimu ule stakabadhi hizo ndizo zilizotuwezesha kumlipa kila mtu haki yake, wakati kompyuta zilipokuwa hazijui uzito wa hata gunia moja.