Risala ya Akina Mama kuhusu Darasa la Mchanganyiko

(Ilisomwa siku ya kilele cha miaka kumi ya kikundi, mwaka 2025)



Mambo ya hisa, mikopo na sanduku letu la funguo tatu mmekwisha kuyasikia kwa Mweka Hazina, hatutayarudia. Sisi tumepangiwa kuzungumza juu ya watoto, na tutasema kama tunavyosema Jumatano chini ya mwembe. Mtuvumilie.

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama 22, na wengi tuliingia kwa sababu ya sare na madaftari. Januari 2016 elimu ikawa bila ada, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Tulifurahi sana. Watoto waliokuwa wakiamia ndege kwenye mpunga humu bondeni Kilombero wakaandikishwa, wakubwa kwa wadogo. Na kwa kuwa shule mama iko kilometa sita, na masika mto hauvukiki, kijiji kikajenga shule shikizi ya Awali, Darasa la I na la II. Tofali tulifyatua sisi.

Chumba kilikuwa kimoja. Mwaka 2022 tukapata bahati: katika vile vyumba 3,000 vya shule shikizi vya fedha za mpango wa UVIKO-19, kimoja kilifika kwetu. Siku ya kukifungua tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Basi vyumba vikawa viwili, lakini mwalimu akabaki yule yule mmoja. Akisimama huku, kule wanapigana. Mwisho akawarudisha wote chumba kimoja, kile kipya kikafungwa kufuli.

Hilo, Ndugu Mgeni Rasmi, sisi hatukulijua. Tuliona mtoto anatoka asubuhi na sare safi, anarudi mchana na chaki mikononi, tukaridhika.

Tulikuja kulijua mwaka 2024, kwa kitabu cha hisa. Mwenzetu mmoja hakubahatika kusoma, na siku hiyo alimpa binti yake, aliyekuwa ameingia Darasa la III, amsomee kilichoandikwa. Mtoto akakitazama, akafunua ukurasa, akakirudisha. Akasema, "Mama, kuna giza." Ilikuwa saa tano asubuhi. Wengine tulicheka, halafu tukanyamaza.

Jumamosi tukawaita watoto wetu wote wa Darasa la III, walikuwa 14, kila mmoja tukampa kitabu cha mama yake. Sita hawakuweza kusoma hata jina la mama.

Jumatatu tukaenda shuleni, na maneno tumeyabeba mdomoni. Mwalimu hakubishana nasi. Alisema, "Karibuni, kaeni nyuma." Tulikaa chini, maana madawati yalikuwa yamejaa. Chumbani walikuwemo watoto 118. Kiwango cha Serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na wa Awali ni 25 tu. Ubao ulikuwa umegawanywa kwa mstari wa chaki: kushoto silabi za Darasa la I, kulia hesabu za kutoa za Darasa la II. Wa Awali wako kwenye mkeka mlangoni wanahesabu vizibo vya soda. Wa kwanza wakiimba ba, be, bi, wa pili wanageuza shingo na hesabu inapotea. Mwalimu alisahihisha madaftari akianzia mbele; kengele ililia hajafika hata katikati. Wa nyuma walinakili kwa jirani, na jirani naye alikuwa amenakili. Ile sauti yake jamani, ni ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, kuanzia asubuhi mpaka mchana. Tulitoka kimya, na yale maneno tuliyoyabeba tukarudi nayo.

Tuwe wakweli, mchanganyiko wenyewe si ubaya wote. Tuliona mtoto wa Darasa la I anajibu hesabu ya Darasa la II kwa kusikiliza ya wakubwa, na mkubwa anamshika mdogo mkono amwandikishe herufi. Huko Kolombia shule za vijijini zimekuwa zikifundisha madarasa kadhaa chumba kimoja tangu miaka ya 1970, ila watoto wana vitabu vya kujiongoza wenyewe, na walimu hufunzwa kazi hiyo. Wetu ana chaki. Watoto thelathini wa madarasa mawili mtu anawamudu, ni kama nyumbani. Mia na kumi na nane huo ni mkutano wa hadhara.

Kikundini tuligawanyika. Mmoja alikopa akampeleka mwanawe shule ya kulipia; muhula wa pili mpunga haukutosha, mtoto akarudi na deni likabaki. Wengine walisema mwalimu ni kazi ya Serikali, na si uongo. Ila watoto hawa wa Darasa la III ndio walioanza na mtaala mpya mwaka 2024. Wao wamepangiwa kumaliza Darasa la VI, mwaka 2027. Sisi tulikuwa na miaka saba ya kujikongoja, wao wana sita.

Basi kuanzia Aprili 2024 mfuko wa jamii ukatoa posho ya shilingi 60,000 kwa mwezi kwa binti aliyemaliza kidato cha nne, kwa ridhaa ya Mwalimu Mkuu na Serikali ya Kijiji, akae na Darasa la I katika kile chumba kipya. Hakuna mzazi aliyelazimishwa wala mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, maana huko hatutaki kurudi. Wale sita tukawasomesha Jumamosi kwa vitabu vya hisa, ndivyo vilivyopo. Wanne sasa wanasoma. Wawili bado. Yule wa giza anasoma, polepole, na hapendi kuharakishwa.

Mwezi Julai mwaka huu binti yetu alipata kazi Ifakara. Tulimruhusu kwa moyo mweupe, 60,000 si mshahara. Chumba kimefungwa tena.

Wageni wakija huwa tunaomba saruji na bati. Leo hatuombi. Tunaomba mwalimu wa pili wa kuajiriwa. Ufunguo wa chumba anao Mwenyekiti wa Kijiji hapo ulipokaa. Tukishakula, tutakupeleka ukakione.