Saa na bei za kiwanja ziandikwe mlangoni



Shiye tunaosema hapa hatuna timu, hatuna lisansi. Tunacheza tu juu ya afya na furaha. Lakini tukifika ku kiwanja mangaribi, mwenye funguo anatutajia bei. Kesho, bei ingine. Risiti hakuna. Mwenye hana franga anarudia nyumbani.

Angalieni Nairobi. Mwaka 2005 kulifunguliwa kiwanja cha barafu ndani ya hoteli Panari, barabara ya Mombasa. Barafu yenyewe ni ya mashine, ni ghali, na nafasi ni ndogo. Mtoto anayejifunza kuteleza hawezi kuchangana na wanaume wa hockey wenye fimbo: ataumia. Njo maana kila kundi linahitaji saa zake. Ice Lions, timu ya hockey, walizoea kufanya mazoezi Jumatano mangaribi. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Kama barafu inagawanywa kwa saa, udongo wa Likasi unashindwa nini?

Tunaomba meya vitu tatu. Saa na bei ziandikwe mlangoni. Kila franga itoke na risiti. Siku mbili kwa juma ziwe za wasio na timu, bila kulipa. Katiba yetu, kifungu cha 42, inadai serikali ilinde afya na makuzi ya vijana.

Jumatatu tunapeleka barua ku meri. Kujeni mutie saini.