Indiketa Ikipiga Mbio: Tusikilize Inatuambia Nini

(Mazungumzo haya yalitolewa na fundi wa umeme wa magari mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia vyenye pikapu na pikipiki, sehemu za Kericho na Bomet. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema, ili hata vikundi ambavyo havikufika vifaidike.)



Nimeombwa niongee juu ya kitu kidogo sana, kinachotosha kwenye kiganja cha mkono. Ni ile flasha, yaani rilei ya indiketa, ambayo inafanya taa ya kugeuka iwake na kuzimika, tik-tak, tik-tak. Wengi wenu mmeanza kutoa balbu za zamani na kuweka za LED. Halafu mnakuja kwa fundi mkisema, "Indiketa imeshikwa na wazimu, inapiga mbio." Leo tuone kwa nini inakimbia, dawa yake ni nini, na baada ya dawa ni kazi gani inabaki kwetu.

Kwa nini tujali

Si mnajua barabara zetu? Huku kwa majani chai mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, na ukungu ukishuka huoni mita hamsini. Pikapu ya kikundi imebeba majani mabichi au mitungi ya maziwa. Inatoka Litein kwenda upande wa Kapkatet, na kituo cha kununulia majani kiko mkono wa kulia. Dereva lazima akate njia ya magari yanayokuja mbele, na nyuma yake kuna lori na matatu mbili zenye haraka. Wakati huo hana njia ya kuongea na walio nyuma isipokuwa ile taa.

Tena hapa Kenya taa hiyo ina lugha mbili. Dereva wa lori akiwasha ya kulia mara nyingi anakuambia, "Usipite, kuna gari mbele." Akiwasha ya kushoto anasema, "Pita, njia ni wazi." Lakini huenda pia anageuka kweli! Lugha yenyewe tayari ina utata. Taa ikiwa hafifu, au ikipepesa kama jicho lililoingia vumbi, anayekufuata hataelewa chochote.

Na njia panda zetu ndizo soko zetu. Pale Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia magari, bodaboda na wachuuzi kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Sisemi indiketa ndiyo iliyoleta ajali ile. Ninasema watu wetu wanauza, wanangoja na kuvuka pale pale magari yanapogeuka. Hapo kila dereva anadaiwa na wenzake ishara inayoeleweka.

Flasha inafanya kazi namna gani

Balbu ya kawaida ya indiketa ya gari ni ya wati 21. Upande mmoja una mbili, moja mbele na moja nyuma, na magari mengi yana nyingine ndogo ya wati 5 ubavuni. Jumla ni wati 47. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni karibu ampea 4 zinazopita ndani ya flasha.

Flasha za zamani zina kipande cha chuma cha aina mbili zilizounganishwa. Umeme ukipita kinapata moto na kujikunja, umeme unakatika. Kikipoa kinarudi, umeme unapita tena. Ukiweka LED, ambayo inakula wati chache tu, kipande hakipati moto wa kutosha. Taa itawaka bila kupepesa, au itapepesa polepole mno.

Flasha za baadaye ni za elektroniki. Hizi zimetengenezwa ziwe macho ya dereva. Zinapima umeme unaopita. Balbu moja ikiungua, umeme unapungua, na flasha inaanza kupiga mbio ili dereva asikie na kushuka kuangalia. Ukiweka LED umeme unapungua vile vile. Flasha haijui habari ya LED. Inafikiri balbu imekufa, kwa hiyo inapiga kelele.

Kwa hivyo ile mbio ni ujumbe. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Kabla ya kununua chochote

Kama hujabadilisha balbu na indiketa imeanza kukimbia, usinunue flasha. Flasha yako ni nzima, inakuambia ukweli. Angalia balbu za upande huo moja moja. Kama zote ni nzima, angalia soketi na waya wa athi. Matope yetu mekundu na maji ya mvua huingia kwenye taa ya nyuma na kuleta kutu. Dalili yake ni hii: ukikanyaga breki au ukiwasha taa kubwa, indiketa inafifia au inabadilisha mwendo. Msasa kidogo na skrubu iliyokazwa vizuri vinaweza kumaliza shida bila kikundi kutumia pesa nyingi.

Njia tatu za kutibu mbio za LED

Ya kwanza ni kurudisha balbu za kawaida. Msicheke. LED inadumu, inawaka haraka na haisumbui betri, lakini kama taa ya gari lako iliundwa kwa balbu yenye uzi, LED nyingine za bei rahisi hutupa mwanga upande mmoja tu. Ukisimama nyuma unaiona, ukisogea ubavuni inapotea. LED kama hiyo ni hasara hata ukipewa bure.

Ya pili ni rezista. Inaunganishwa kando ya balbu ili ile umeme uliookolewa, ndipo flasha idhani balbu ya zamani bado ipo. Inafanya kazi, lakini inakuwa jiko. Rezista ya omu 6 kwenye volti 14 inatoa joto la zaidi ya wati 30 kila taa inapowaka. Ikifungwa juu ya plastiki au kando ya nyaya inaweza kuyeyusha na kuchoma. Lazima ikazwe kwa skrubu kwenye bati la gari. Na faida ya kuokoa umeme yote imepotea.

Ya tatu ni kuweka flasha iliyotengenezwa kwa LED. Hiyo haipimi mzigo. Inapiga mwendo ule ule, iwe balbu ni kubwa au ndogo. Kwa magari mengi hii ndiyo njia safi. Lakini magari mengine ya siku hizi hayana flasha ya kuchomoa, kompyuta ya gari ndiyo inaendesha indiketa. Kama gari lako ni hilo, usikate waya wowote. Mwone fundi anayelijua.

Namna ya kubadilisha flasha

1. Washa indiketa, nyamaza, usikilize. Fuata mlio. Mara nyingi flasha iko chini ya dashibodi karibu na sanduku la fyuzi. Kwa pikipiki tafuta chini ya kiti, kwenye kifuniko cha ubavu au nyuma ya taa kubwa.

2. Zima gari na uondoe waya wa hasi kwenye betri.

3. Chomoa flasha kwa kushika mwili wake, usivute nyaya. Hesabu miguu yake. Iko ya miguu miwili, ya mitatu, na baadhi ya Toyota zina ya miguu minane.

4. Soma herufi. B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni athi. Zile za Ulaya zimeandikwa 49, 49a na 31 kwa mpangilio huo huo. Kuwa mwangalifu: flasha mbili zinaweza kulingana kwa umbo, miguu mitatu kwa mitatu, na herufi zikawa zimepishana. Ukichomeka bila kusoma, unaweza kuunguza fyuzi au flasha mpya. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

5. Hakikisha volti. Pikapu na pikipiki nyingi ni 12, lori nyingi ni 24.

6. Kama ya zamani ilikuwa ya miguu miwili, ile ya LED mara nyingi ina waya wa tatu wa athi. Ufunge kwenye chuma kitupu, si juu ya rangi wala kutu.

7. Rudisha betri, ujaribu kushoto, kulia, na zote nne pamoja. Jaribu tena injini ikinguruma, taa kubwa zikiwaka na breki imekanyagwa. LED moja ikikataa kuwaka, itoe na kuigeuza. LED huchagua chanya na hasi, si kama balbu ya uzi.

8. Chukua saa uhesabu. Kanuni za kimataifa zinataka mapigo kati ya 60 na 120 kwa dakika. Kwa nusu dakika uhesabu si chini ya 30 wala zaidi ya 60.

Na rangi? Chagua LED ya rangi ya machungwa. Nyeupe ndani ya kioo cha machungwa hutoa mwanga uliopauka, na juani haionekani vizuri. Bluu na zambarau ziacheni kwa mapambo ya harusi.

Neno kwa watu wa bodaboda

Vijana wananiuliza, "Fundi, nimeweka LED na flasha yake, lakini nikiwasha kushoto zinapepesa zote nne." Pikipiki nyingi zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, na imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Umeme mdogo unapenya hapo na kuvuka upande wa pili. Zamani haukuwa na nguvu ya kuwasha balbu ya wati 10. LED inatosheka na huo mdogo, basi inawaka.

Dawa ni dayodi mbili. Moja itoke waya wa kushoto, nyingine waya wa kulia, zikutane kwenye mguu mmoja wa ile taa ya dashibodi. Mguu wa pili uende athi. Sasa umeme unafika dashibodi lakini hauwezi kurudi upande mwingine. Dayodi ni kitu cha bei ndogo. Usikubali kutembea na zote nne zinapepesa, maana anayekufuata atadhani umesimama au umeharibikiwa.

Kazi inayobaki kwetu

Sasa narudi kwa lile neno. Nilisema mbio ni ujumbe. Flasha ya LED ni kipofu. Inapiga mwendo mzuri hata kama taa ya nyuma imekufa. Mlio ni ule ule, taa ya dashibodi ni ile ile, na dereva anaendelea na safari akiamini ameonyesha ishara, kumbe nyuma ni giza. Tumeponya kelele, lakini tumemfukuza mlinzi. Ni lazima mwingine ashike zamu yake.

Mlinzi huyo ni kikundi. Gari likiwa la mtu mmoja, yeye ndiye anajua taabu yake. Likiwa la watu thelathini, kila mmoja anafikiri mwingine ameangalia. Kwa hivyo nawashauri hivi. Kila asubuhi kabla ya kupakia, dereva awashe, na mwenzake azunguke gari: kushoto mbele, ubavuni, nyuma, kulia vile vile, halafu breki. Si kazi ya dakika mbili. Akiwa peke yake, asimame karibu na ukuta au mabati kabla hakujapambazuka, aone mwanga ukirudi. Kisha atie sahihi kwenye daftari la gari, lile lile la mafuta na mizigo. Taa ikipatikana imekufa, gari lisitoke mpaka itengenezwe. Mweka hazina asiseme pesa za balbu zingoje mkutano wa mwisho wa mwezi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali nzuri, na magari ya biashara hupelekwa kukaguliwa. Lakini mkaguzi analiona siku moja. Siku nyingine zote linaonwa na mama anayevuka na kikapu, na mtoto anayetoka shule. Hao hawana habari ya flasha ya aina gani. Wanaangalia taa na kuamini inachosema.



Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni nani katika kikundi chetu mwenye jukumu la kuangalia taa za gari kila asubuhi? Asipokuwepo, nani anashika nafasi yake?

2. Je, dereva wetu ana ruhusa ya kununua balbu au fyuzi mara moja bila kungoja mkutano?

3. Ni sehemu gani za barabara yetu ambapo magari hugeuka katikati ya watu wengi? Tunaweza kufanya nini hapo?

4. Tukienda kuona pikapu na pikipiki zetu leo, ni taa ngapi zitawaka?