Homa Inayojificha Katika Rejista ya Shule

Haya ni maneno ya mratibu wetu wa afya, aliyoyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya pwani. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ili wale ambao hawakuweza kufika wayasome na kuyajadili katika vikundi vyao.

Nimeambiwa nina nusu saa, na harufu ya pilau imeshafika hapa mbele, kwa hivyo sitawachelewesha.

Nataka tuzungumze juu ya homa ya dengue, ile ambayo wazee wa pwani waliiita kidingapopo. Lakini kwanza nina swali. Katika kijiji chako, watoto wa shule walipoteza siku ngapi mwaka jana kwa sababu ya homa? Nani anajua? Mnaona, kimya. Pesa za mzunguko tunazijua mpaka shilingi ya mwisho. Mbuzi wa kikundi tunajua idadi yao, na yupi amezaa, na yupi anachechemea. Siku za watoto hatuzijui.

Nitawapa kisa cha nyumbani kwangu, na aibu yake ni yangu. Mwaka 2013 dengue ililipuka Mombasa. Mtoto wa dada yangu alikuwa akikaa kwangu, yuko darasa la nne. Jumatatu moja alirudi kutoka shuleni mwili unachemka, anashika kichwa, anasema macho yanamuuma kwa ndani, huko nyuma. Mimi ni muuguzi, jameni, na nikasema hii ni malaria. Sikumpima. Nilinunua dawa ya malaria dukani, na maumivu yalipozidi nikampa aspirini. Siku ya tano homa ikashuka. Nikampigia dada simu nikamwambia kijana amepona, tumshukuru Mungu. Usiku ule ule akaanza kushika tumbo, akatapika mara nne, na kulipopambazuka nikaona damu kwenye ufizi. Hapo ndipo tulipokimbia hospitali. Aliwekewa maji ya mshipa, akaangaliwa siku tatu, akapona.

Nilifanya makosa mawili ambayo sitaki mtu mwingine ayarudie. Kosa la kwanza ni aspirini. Dengue inapunguza zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, na aspirini, Brufen na Diclofenac zinaongeza hatari ya kutoka damu. Mtoto mwenye homa usiyoijua mpe paracetamol kwa kipimo chake, na maji mengi, uji, madafu, maji ya chumvi na sukari. Kosa la pili ni kufurahia homa iliposhuka. Katika dengue, hatari huja mara nyingi wakati homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mtoto akiumwa tumbo sana, akitapika bila kukoma, akitoka damu puani au kwenye ufizi, akilegea au akihangaika bila sababu, hapo hakuna kungoja asubuhi.

Basi, baada ya siku kumi za masomo alirudi shuleni. Nilimsindikiza, na mwalimu akanionyesha rejista. Kulikuwa na alama kumi za kutokuwepo, zimepangwa vizuri kama shanga, na hakuna neno lingine. Majirani zangu watatu walikuwa na watoto wenye homa wiki zile zile. Hao hawakufika hospitali kabisa. Kwa hesabu yoyote ya ugonjwa mwaka ule, watoto hao hawakuugua.

Hili ndilo jambo lililonileta. Ugonjwa unahesabiwa hospitalini, lakini wengi wanaugulia nyumbani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipokea taarifa za wagonjwa wa dengue wapatao milioni 2.4 kutoka nchi zote. Watafiti waliokadiria hesabu ya mwaka ule ule, wakaichapisha mwaka 2013, walipata kwamba waliougua kwa dalili walikuwa karibu milioni 96. Fikirini pengo hilo. Ni kama kuhesabu washiriki wa kanisa kwa kuangalia waliokaa kiti cha mbele.

Sasa, kuna watu waliojaribu kuhesabu vizuri, na walianzia shuleni. Ni mbali na hapa, huko Thailand, katika mkoa uitwao Kamphaeng Phet. Kule dengue ni ugonjwa wa watoto zaidi, kwa sababu wakubwa wengi walishaupata zamani. Kuanzia mwaka 1998 mpaka 2002 watafiti walifuata watoto zaidi ya 2,000 wa shule za msingi. Njia yao ni rahisi kueleza, ingawa ni kazi ngumu kuifanya. Mtoto asipofika darasani wakati wa msimu wa ugonjwa, mtu anakwenda nyumbani kwao kuuliza: anaumwa? ana homa? Akiwa na homa, anatolewa damu kidogo, na baada ya kama wiki mbili anatolewa tena. Damu mbili zinalinganishwa, na hapo inajulikana kama ni dengue au ni homa nyingine.

Halafu walipima mzigo. Wataalamu wana kipimo kilichoanza kutumika sana tangu mwaka 1993, ambacho kwa lugha yetu tungesema ni miaka ya maisha yenye afya iliyopotea. Mtoto akifa ana miaka minane, wanahesabu miaka yote ambayo angeishi. Mtoto akiugua wiki moja akapona, wiki ile nayo inahesabiwa, kwa uzito wa maumivu yake. Wanajumlisha vyote pamoja. Mimi kipimo hiki sikipendi sana, maana machozi ya mama hayamo, lakini kina faida moja kubwa: kinamhesabu hata yule ambaye hakufa. Na walipojumlisha Kamphaeng Phet waligundua kwamba watoto ambao hawakulazwa hospitali walibeba kati ya asilimia 44 na 73 ya mzigo wote wa dengue, kutegemea mwaka. Yaani kuna miaka ambapo mzigo mkubwa ulikuwa kwenye mikeka ya nyumbani, si kwenye vitanda vya wodi.

Mtaniambia, hiyo ni Thailand, sisi tunahusu nini? Nitawajibu. Jina lenyewe dengue wengi wanaamini limetoka kwetu. Daktari mmoja Mwingereza, James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika kwamba watu wa huko waliita homa ya mwaka 1823 na ile ya 1870 kidinga pepo. Wataalamu wengine wa leo wanadhani ile ilikuwa chikungunya, dada yake dengue, kwa jinsi viungo vilivyouma. Mimi siamui ugomvi huo. Lakini dengue yenyewe ilithibitishwa hapa pwani mwaka 1982, Malindi na Kilifi. Mwaka 2011 ilikuwa Mandera. Mwaka 2013 Mombasa, na watafiti walipoingia nyumba kwa nyumba wakapima watu karibu 1,500, waliona dalili za maambukizi ya wakati ule au ya karibuni kwa asilimia 13. Wala msidhani ni ya watu wa bahari tu. Mwaka 2014 na 2015, watoto wenye homa waliopimwa Kisumu na Chulaimbo, kule kwa ndugu zetu wa ziwani, walikutwa na dengue, na aina zote nne za virusi zilionekana. Hili la aina nne ni zito, kwa sababu mtoto aliyepona aina moja, akipata nyingine baadaye, anaweza kuugua vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza.

Na mbu wake si yule wa malaria. Huyu ana madoa meupe miguuni na anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Chandarua cha usiku hakimzuii, ingawa msikiache, maana malaria bado ipo. Anataga kwenye maji yaliyotulia ya nyumbani: pipa, mtungi usiofunikwa, tairi kuukuu, kifuu, kopo. Mayai yake yakikauka yanaweza kukaa miezi, mvua ikija yanaanguliwa. Hebu nikumbushe: nani alinunua tangi kwa mkopo wa kikundi? Vizuri sana, tangi ni maendeleo. Lakini lina mfuniko? Na lile tangi la shule? Watoto wako shuleni saa zile zile ambazo mbu huyu anauma.

Basi tufanye nini? Damu hatuwezi kutoa sisi. Lakini nusu ya kwanza ya kazi ya Thailand ni kuuliza mtoto yuko wapi, na hiyo tunaiweza. Rejista ipo, mwalimu yupo, vikundi vipo. Kila wiki mwalimu ataje watoto waliokosa siku mbili au zaidi. Mama mmoja wa kikundi aliye jirani aende kuwajulia hali. Nasema mama wa kikundi, si mwalimu, na si mzee wa mtaa. Mtoto mwingine hayuko shuleni kwa sababu ya pesa ya chakula, au analinda mdogo wake, na mzazi akiona mwalimu mlangoni anafikiri ameitiwa chifu. Atasema homa hata kama si homa. Tukiwatisha watu, hesabu yote itakuwa uongo.

Andikeni mambo machache: siku ngapi amekosa, ni homa au si homa, alipelekwa wapi, alipimwa malaria au hakupimwa, na jibu lilikuwa nini. Pia nauli na dawa vimekula shilingi ngapi, na nani alibaki nyumbani naye. Tuseme shule ina watoto 300, na kwa muhula mmoja 30 kati yao wanakosa siku nne kila mmoja kwa homa. Hizo ni siku 120 za masomo. Na mama aliyebaki hakwenda shamba wala soko, siku nyingine 120. Hesabu hiyo ukiipeleka mbele ya mtu, hawezi kukuambia ni homa kidogo tu. Jina la mtoto libaki kwa mwalimu. Kwenye daftari la kikundi andikeni darasa na umri. Na msiandike dengue. Andikeni homa. Sisi si maabara.

Ile safu ya kipimo cha malaria ndiyo jicho. Mkiona katika wiki mbili watoto wengi wana homa na kipimo kinasema hakuna malaria, msingoje mwisho wa muhula. Pelekeni daftari kwa mkuu wa zahanati, naye amwite afisa wa kufuatilia magonjwa wa kaunti ndogo, ili damu ipelekwe kwenye maabara kubwa. Mtu mmoja akienda na mtoto mmoja ataambiwa arudi nyumbani. Kikundi kikienda na karatasi ya watoto 20, ni mazungumzo mengine.

Lakini rejista ina matundu, na lazima niwaambie. Inalala likizo. Aprili shule zimefungwa, na mvua za masika ndizo zinaanza. Novemba na Desemba zimefungwa, na vuli iko. Kwa hivyo wakati mbu anazaliana, daftari la mwalimu liko kabatini. Miezi hiyo ni nyinyi wenyewe muulizane kwenye mkutano wa kikundi, kila mmoja aseme nyumbani kwake nani alilala na homa. Rejista pia haimjui mtoto mchanga, wala aliyeacha shule, wala aliyeambukizwa bila kuugua, na hao wa mwisho ni wengi. Kwa hiyo hesabu yetu itakuwa ndogo kuliko ukweli.

Nimeona mkono kule nyuma. Ndiyo, mwalimu. Anauliza, kwa nini tuhangaike na hesabu, si tungoje chanjo? Swali zuri. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuchanja watoto wa shule dhidi ya dengue, zaidi ya watoto 800,000. Mwishoni mwa mwaka 2017 ikatangazwa kwamba mtoto ambaye hajawahi kupata dengue kabla ya chanjo ile, akiambukizwa baadaye, anaweza kuugua vibaya zaidi. Mpango ukasimamishwa, na wazazi wengi wakapoteza imani hata na chanjo nyingine, mpaka surua ikarudi kwa nguvu mwaka 2019. Zipo chanjo zilizotengenezwa baadaye. Lakini hata hizo, Shirika la Afya Duniani linashauri zitolewe kwa watoto wa mahali ambapo dengue ni nyingi. Na wingi huo utajulikanaje, mwalimu, kama hatuna hesabu?

Daftari ziko kwenye meza karibu na mlango, moja kwa kila kikundi, na kalamu ndani yake. Aliyekuja kwa niaba ya kikundi chake achukue moja, aandike jina la kijiji na la shule kwenye jalada kabla ya kwenda kula. Mwisho wa muhula tutakutana hapa hapa, na mimi mwenyewe nitazisoma moja baada ya nyingine.