Mteja wa Kwanza Huletwa na Simu, wa Pili Huletwa na Mizani

Mada iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu na mwanachama anayefanya kazi ya masoko ya mtandaoni

 

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie biashara ya mtandaoni, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Katibu aliponialika aliniuliza jambo moja: je, chama kitenge fedha mwaka huu kutengeneza tovuti ya kuuzia bidhaa za nyumbani, yaani asali, maharage, unga, dagaa wa Nyasa na vinginevyo? Jibu langu ni kwamba kwa sasa tusifanye hivyo. Naomba nieleze kwa nini, kisha niseme fedha hiyo ingefanya kazi gani.

Nianze na tulikotoka. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na baada ya hapo intaneti ikaanza kushuka bei na kuongezeka kasi. M-Pesa ilikuwa imeshaingia nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Kwetu Songea tulikuwa bado tunategemea mitambo ya mafuta ya TANESCO, na wengi mnakumbuka mgao ulivyokuwa. Umeme wa gridi kutoka Makambako ulifika 2018. Leo kijana aliyekaa Lizaboni ana umeme, ana simu, ana mtandao na ana njia ya kupokea fedha. Vifaa ambavyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam anavitumia, na yeye anavyo.

Sasa watu hudhani kinachobaki ni tovuti. Tuangalie yaliyotokea hapa hapa Tanzania. Kampuni ya Jumia ilianzia Nigeria mwaka 2012, ikaenea nchi nyingi za Afrika, na Aprili 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye soko la hisa la New York. Ilikuwa na tovuti nzuri, wataalamu na mtaji ambao sisi hatuwezi kuuota. Novemba mwaka huo huo ilifunga shughuli zake Tanzania. Wakati inafunga, akina dada wa Kariakoo wenye simu moja moja walikuwa wanaendelea kuuza nguo, viatu na vyombo mpaka Tunduru na Mbamba Bay.

Wao wanauzaje? Picha inawekwa Instagram au kwenye status ya WhatsApp. Mteja anauliza bei. Wanapatana, kama watu wanavyopatana sokoni. Mteja analipa kwa simu. Mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli pale Mbezi, unapakiwa kwenye basi, na muuzaji anatuma picha ya risiti pamoja na namba ya gari. Kesho yake mteja anakwenda stendi yetu ya Shule ya Tanga kuchukua mzigo wake. Tovuti haimo kabisa katika mlolongo huo. Kinachouza ni mazungumzo, na kinachomfanya mteja atume fedha kabla ya kuona mzigo ni kumwamini anayezungumza naye.

Katika kazi yangu nimeona kwamba mteja akishaambiwa bei, swali lake linalofuata ni hili: "Mko wapi?" Hana nia ya kuja. Anataka kujua kama kuna mahali na kuna mtu wa kumuuliza mambo yakiharibika. Hapo ndipo chama kama hiki kina mali ambayo kampuni kubwa haina. Sisi tunajulikana tulipo. Tuna kwetu.

Ndugu zangu, nizungumzie jina. Mji wetu unaitwa kwa jina la mtu, Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wenzake katika vita vya Majimaji. Sisi hatuhitaji kufundishwa kwamba jina lina uzito. Lakini kwenye biashara, bidhaa zetu zinasafiri bila jina. Kule Japani, kwa kanuni za biashara ya kahawa za nchi ile, kahawa ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Maana yake mkulima wa Mbinga analima kwenye miteremko ya Umatengo, na mnywaji wa Tokyo anasifu mlima ambao mkulima huyo pengine hajawahi kuuona. Siwalaumu Wajapani wala ndugu zetu wa Kilimanjaro, walilitangaza jina lao mapema. Hapa nyumbani, nenda soko lolote la Dar es Salaam utasikia "mchele wa Kyela". Watu wa Kyela nao wamepata jina. Mahindi yetu je? Mkoa wa Ruvuma unalisha nchi, malori yanapanga foleni kwenye maghala ya NFRA, na mwisho wake unga unauzwa kwenye mfuko wenye jina la mwenye mashine.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa soko la kijijini, ambako kila mtu anaonja na kushika, ni kweli. Kwenye simu chema kisichoonekana hakijiuzi, na kibaya kilichopigwa picha vizuri kinauzika mara moja. Naomba mshike neno hilo, "mara moja", kwa sababu hesabu yote imekaa hapo.

Chukueni mfano. Kijana wetu anauza asali. Analipia tangazo la shilingi 20,000. Watu 40 wanamwandikia, watano wananunua. Maana yake kila mteja amempata kwa shilingi 4,000. Kama faida yake kwa chupa ni shilingi 3,000, basi kwa kila chupa amepoteza 1,000. Ukisimama hapo utasema biashara ya mtandaoni ni hasara, na wengi ndipo wanapoachia. Lakini mteja yule akirudi mara nne zaidi, bila tangazo, ameleta faida ya 15,000 kwa chupa tano. Ondoa 4,000 ya tangazo, zinabaki 11,000. Faida ya biashara hii iko kwenye mteja kurudi. Na mteja harudishwi na picha. Anarudishwa na chupa iliyojaa, asali isiyochanganywa na sukari, na mzigo uliofika siku iliyosemwa. Ndiyo maana nasema mteja wa kwanza huletwa na simu, wa pili huletwa na mizani.

Sasa nieleze mambo matatu ninayoyaona yakija, ili tusipange kwa macho ya jana.

La kwanza, video fupi. Zamani ulihitaji wafuasi wengi ndipo uonekane. Siku hizi TikTok na wenzake wanaionyesha video yako hata kwa watu wasiokufahamu, na wakiitazama mpaka mwisho inaonyeshwa kwa wengine zaidi. Mvuvi wa Lituhi akianika dagaa asubuhi, ziwa likiwa nyuma yake, anaweza kutazamwa kuliko tangazo la gharama. Kwa mnyonge hii ni nafasi. Lakini kuonekana ni jambo moja na kuuza ni jingine. Video ikipata watazamaji wengi na mzigo haupo, umewaita wageni na hujapika.

La pili, kurasa hizi zote ni nyumba za kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani zetu. Ukurasa unaweza pia kuibiwa au kufungwa usiku mmoja. Kwa hiyo majina na namba za wateja ziandikwe kwenye daftari letu wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Zitunzwe kwa heshima, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na namba ya mteja haigawiwi ovyo.

La tatu, akili bandia. Leo mtu anatengeneza picha ya duka lisilokuwepo, na hata sauti ya mtu aliye hai. Kadiri uongo unavyokuwa rahisi kutengeneza, ndivyo muuzaji anayejulikana alipo na kwao anavyozidi kuwa na thamani.

Hapo niseme kidogo kuhusu utapeli, maana vijana wetu wanaumia. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mmoja hapa ameshaupata. Wazee wanaikumbuka DECI ya mwaka 2009: watu walipanda mbegu wakaambiwa watavuna, na wengi hawakuvuna. Mbegu hiyo hiyo sasa inapandwa kwenye simu, kwa majina mapya ya kigeni: weka fedha, tazama matangazo, alika wenzako, utalipwa kila siku. Kipimo chake ni kimoja. Uliza fedha ya faida inatoka kwa mnunuzi gani wa bidhaa gani. Ukikuta inatoka kwa anayeingia nyuma yako, kimbia. Biashara ya mtandaoni ya kweli ina mzigo, ina mizani na ina mnunuzi aliyeridhika. Kijana akionyeshwa hiyo ya kweli akiwa kwao, ile ya uongo haimpati kwa urahisi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa pendekezo langu. Fedha ya tovuti itumike kwa mambo manne.

Moja, mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, iwekwe kwenye chumba kimoja Songea mjini, mahali ambapo mzigo kutoka wilayani unapokelewa, unapepetwa, unapimwa na kufungashwa.

Mbili, vifungashio na lebo yenye jina la mahali bidhaa ilipotoka. Isiishie "Ruvuma" tu. Iandikwe Namtumbo, iandikwe Mbamba Bay, ili mkulima alione jina la kwao. SIDO wana ofisi ya mkoa pale Songea, na TBS wana utaratibu wa wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO. Tuanzie kwao. Kila zao lina taratibu zake. Kahawa iko chini ya Bodi na ushirika, ufuta na korosho zina minada yake ya kidijitali kupitia TMX, na dagaa wana vibali vyake. Ndiyo maana nashauri tuanze na vitu viwili tu, asali na maharage, tuvifanye sawasawa kabla ya kuongeza.

Tatu, namba moja ya simu, na kijana mmoja wa kuipokea, alipwe mshahara. Kazi ya kujitolea huisha pale kibarua kinapopatikana. Mteja aliyeuliza bei asubuhi akajibiwa jioni ameshanunua kwingine.

Nne, akiba ya kurudisha fedha. Mteja akikuta mawe kwenye maharage, arudishiwe fedha yake siku hiyo hiyo bila mabishano, na mkulima aliyeleta aambiwe. Gunia moja lenye mawe halimharibii mwenye gunia peke yake. Linachafua lebo nzima, na wakulima waaminifu wote walio nyuma yake.

Na nyinyi mlioko hapa nina ombi, tena halihusu mchango. Muwe wateja wa kwanza, lakini msinunue kwa kutuonea huruma. Lipeni bei kamili. Mkipewa pungufu, semeni wazi. Ndugu anayenyamaza kwa sababu "ni vijana wetu" anawaficha kosa ambalo mgeni hatalisamehe. Mkiridhika, piga picha, weka kwenye kundi la kazini, la kanisani, la msikitini, la mtaani. Tangazo la namna hiyo silipii shilingi, na hakuna tangazo ninalolitengeneza mimi linaloweza kulishinda.

Baada ya mwaka mmoja tufungue daftari mbele ya mkutano huu. Tuhesabu wangapi walinunua, na wangapi walirudi. Kama wanaorudi ni wengi, hapo tuzungumze habari ya tovuti, na mimi nitaisimamia bila malipo. Kama hawarudi, tutakuwa tumejua tatizo liko chumbani kwenye mizani, na tutalirekebisha kabla ya kuliandika jina letu mahali ambapo dunia nzima italisoma.

Mweka Hazina yupo, na kitabu cha ahadi kiko mezani kwake. Anayeweza mizani aandike mizani. Anayeweza mifuko hamsini ya vifungashio aandike mifuko hamsini. Mwenye kumjua afisa wa vipimo au wa SIDO, naye aandike jina lake, maana hiyo nayo ni ahadi.