Nyota ya Noeli kwa mabaki ya mbao

(Maneno ya fundi mbao, mwanachama wetu, kwenye mkutano wa Baraka mbele ya Noeli)



Komite imeniomba nionyeshe namna ya kutengeneza nyota ya Noeli. Mama mmoja aliposikia akaniuliza: "Fundi, kuni tunatafuta za kupikia, wewe unataka tuzipachike ukutani?" Mama, uko na haki. Njo maana naanza na wewe.

Vipande vinene ni vya jikoni, sivigusi. Nataka zile fito nyembamba zinazobaki tukipasua mbao za milango na za mitumbwi. Nyota moja inaomba fito tano tu. Moto wa fito tano hauchemshi hata maji ya bugali.

Sasa tuangalie. Fito zote zilingane: sentimita 40 urefu, 3 upana. Weka mbili chini, ziungane juu, miguu ipanuke kama mtu aliyesimama. Ya tatu itoke mguu wa kushoto, ipande mpaka mkono wa kuume. Ya ine itoke mguu wa kuume mpaka mkono wa kushoto. Ya tano ilale, iunganishe ile mikono miwili. Pale zinapokatana, moja ipite juu, ingine chini, njo zinashikana. Zisogeze polepole mpaka ncha tano ziachane sawasawa.

Usikimbilie misumari. Funga kila ncha kwa waya kwanza. Kisha gonga ncha ya msumari kidogo iwe butu, ju ule mkali unapasua fito. Ukitokea nyuma, ukunje. Pakaa chokaa, utundike chini ya paa. Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu kwenda Marekani, wengi wanafanya Noeli kwenye theluji. Yetu ni ya mvua, na mvua inasafisha chokaa yote.

Sasa neno lililonileta. Mwezi wa kumi 2005 HCR ilianza kurudisha watu wetu kwa meli, toka Kigoma mpaka hapa Baraka. Wengine tulitoka Lugufu, wengine Nyarugusu. Kule kambini hatukuwa tunapiga misumari mingi ukutani, nyumba haikuwa yetu. Tukarudi. Halafu wengine vita ikawakimbiza tena. Mpaka leo naingia kwa wanachama, naona ukuta mtupu, na begi nyuma ya mlango, imefungwa tayari. Siwacheki. Kwangu begi ilikaa vile miaka mingi.

Sisemi muifungue. Usalama hauko mikononi mwa fundi mbao. Nasema pigeni msumari mmoja. Mwaka ule nilipopiga wa kwanza, mtoto wangu mdogo aliniuliza: "Papa, kumbe tunabaki?" Sikuwa na jibu la kweli. Nikamwambia ashike nyota nipige. Kila Noeli anaidai.

Ombi langu kwa wanachama: kila mwenye ateliye aweke fito kando, asizifagie. Vijana wajifunze. Nyota ya kwanza ibaki nyumbani kwao, zile zitakazouzwa sokoni, nusu ya feza iingie kwenye sanduku la wagonjwa. Na ile nusu ingine iwe yao, ju kijana asiyepata kitu harudi kesho.

Kwa wafadhili: fito tuko nazo. Tunachokosa ni misumeno midogo na misumari mifupi. Nyundo tutaazimana, tumezoea.

Na wewe mama wa kuni, ukiona ya kwako haipendezi, iingize jikoni. Ila jaribu kwanza kuiacha ukutani mpaka Bonane.