Kusi, Ziwa na Bei ya Dagaa

Msikilizaji, ukikuta bei ya dagaa wa Kigoma imepanda pale Tandika au Tandale, muuzaji atakutajia nauli ya mzigo, au mbalamwezi iliyowanyima wavuvi giza la kuvulia kwa taa. Yuko sahihi. Nami naongeza sababu nyingine: upepo.

Upepo wenyewe tunaujua: ni kusi. Huku kwetu Kunduchi, kusi ikishika, bahari iliyokuwa na nyuzi 29 hivi mwezi Machi hushuka hadi karibu 25 ifikapo Agosti. Majira hayo hayo, kule magharibi, upepo wa kusini-mashariki hulipiga Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470.

Maji ya juu ya ziwa lile huota jua mpaka nyuzi 26, 27. Ya chini hubaki nyuzi 23 na ushei, mazito, hayana oksijeni, lakini yamejaa rutuba iliyozama huko miaka na miaka. Tofauti ya nyuzi tatu nne tu yatosha kuyazuia yasichanganyike.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo huyasukuma maji ya juu kuelekea Burundi. Upande wa kusini, kuanzia Kasanga hadi Mpulungu nchini Zambia, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi, yakibeba ile rutuba. Upepo ukitulia, maji ya ndani huyumba huku na huko kwa wiki nyingi, tena bila mtu aliye ufukweni kuona lolote. Kwa rutuba hiyo vijimea huota, vidudu huvila, dagaa hula vidudu. Hapo ndipo sahani yako inapoanzia, msikilizaji wa Mbagala!

Sasa ziwa linapata joto. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kwamba maji ya juu yamepata joto zaidi kuliko ya kina kirefu, kwa hiyo tabaka hizo mbili zinazidi kukataa kuchanganyika, na chakula cha samaki kinapungua.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Nauunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote, maana samaki lazima wapate nafasi ya kuzaana. Lakini mvuvi aliyekaa bila kipato miezi hiyo asibebeshwe lawama yote, kana kwamba nyavu zake ndizo zilizolipasha ziwa joto.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hututahadharisha kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Naiomba itutangazie na joto la maji ya Tanganyika, na sisi wa redio tulisome hewani kila wiki, lisikike Temeke na Kinondoni kama litakavyosikika Kigoma.